Bei Imeshuka, Uzito Uko Palepale

Leo nataka tuzungumze juu ya breki, na nitaanzia mahali ambapo hakuna breki hata moja: kisiwani Wasini.

Anayekijua kisiwa kile anajua kwamba gari halijakanyaga pale. Kuna vijia vya kupenya kati ya nyumba, kuna mawe ya matumbawe yanayokata kama wembe, kuna mikokoteni ya kusukuma saruji na magunia ya unga kutoka gatini. Ukitaka kwenda Mkwiro, ncha ya pili ya kisiwa, unatembea ama unapanda chombo. Na chombo hakina breki. Ndiyo sababu nahodha wa pale hukata mashine mapema, gati bado iko mbali, akakiacha chombo kiteleze kwa mwendo wake chenyewe mpaka kiguse mbao polepole, kama mtu anayebisha hodi. Nahodha mgeni ndiye hufika kwa kishindo.

Ami yangu ni mtu wa Wasini. Amezaliwa pale, ameoa pale, na alipostaafu kazi ya Mombasa alirudi pale. Alirudi na Mercedes.

Watu walicheka, naye akacheka nao. Gari lenyewe ni 230E la 1991, la umbo ambalo wenyewe hulitaja kwa nambari tu, 124, lililotengenezwa Ujerumani kuanzia 1984 hadi katikati ya miaka ya 1990. Alilinunua kwa tajiri wake wa zamani, rangi ya samli, viti vyote vizima. Bei siitaji hewani, lakini tuktuk mpya siku hiyo ilikuwa ghali zaidi. Kwa kuwa haliwezi kumfikia nyumbani, gari hulala Shimoni, chini ya mkwaju wa shemeji yake, hatua chache kutoka gatini. Akitaka kwenda hospitali Msambweni au benki Ukunda, ami huvuka kwa mashua, hufuta kioo kwa kitambaa anachokiweka mfukoni mwa kanzu, kisha huondoka taratibu, kama anayeongoza maandamano.

Wazee wetu walikuwa na neno, Wabenzi. Lilizaliwa huku Afrika Mashariki baada ya uhuru, kwa maana ya kabila jipya la wakubwa, ambao ukoo wao ni ile nyota ya ncha tatu juu ya boneti. Wabenzi wa leo wamehamia kwenye magari marefu ya kupandia milima, ingawa sijamwona hata mmoja akipanda mlima. Benzi za enzi ile zimeshuka ngazi moja moja: kwa waziri, kwa mfanyabiashara, kwa daktari, kwa mwalimu mkuu, mpaka kwa mzee mstaafu wa Wasini. Na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8, 124 yoyote unayoiona kati ya Likoni na Lunga Lunga ni mkaazi wa miaka mingi. Imekula chumvi nyingi, kwa maana zote mbili.

Sasa, siku moja ami akanipigia simu. Akasema, "Mwanangu, gari hili nikikanyaga breki lataka kwenda zake kushoto. Nalo lasaga." Nikamuuliza, lasaga vipi? Akasema, "Kama anayekuna nazi kwa mbuzi mbovu."

Mimi si fundi. Lakini nimeshikia mafundi tochi kwa miaka mingi, na mshika tochi huona mengi. Nikamwambia aje polepole hadi Ukunda, aache nafasi kubwa kati yake na wa mbele. Alifika baada ya saa mbili unusu. Nahodha ni nahodha.

Gereji tuliyokwenda iko chini ya mwembe. Fundi akapiga jeki, akafungua gurudumu la mbele kulia, akageuza usukani ili kalipa itokeze. Kwa asiyewahi kuona: ndani ya gurudumu kuna sahani ya chuma, ndiyo diski, inazunguka pamoja na gurudumu. Kalipa imeipandia ukingoni kama kibanio cha nguo, na ndani yake mna pedi mbili, moja huku na moja kule. Ukikanyaga breki, pedi zinaibana diski kama vidole viwili vinavyozima utambi wa mshumaa.

Fundi akazitoa pedi, akaziweka juu ya kipande cha katoni. Ya nje ilikuwa na nyama ya kutosha, milimita 8 hivi. Ya ndani haikuwa na kitu. Bamba la chuma tupu, limeng'aa kama sarafu mpya, na diski upande ule imechimbika mifereji ambayo unaweza kuihesabu kwa ukucha.

Ami akaziangalia zile mbili, akauliza swali ambalo ningependa kila mwenye gari aliulize: "Zimewekwa siku moja. Mbona moja imekufa na mwenziwe bado kijana?"

Jibu ni chumvi. Kalipa ya aina hii ina pistoni moja tu, upande wa ndani. Pistoni huisukuma pedi ya ndani, na kalipa yenyewe, kwa kuteleza juu ya pini zake mbili, huivuta pedi ya nje ije ikutane na mwenziwe. Pini zikishika kutu, kalipa haitelezi. Pedi ya ndani inafanya kazi ya wawili, ya nje inakaa kutazama. Upande wa kushoto pini zilikuwa bado zinakwenda, kwa hiyo breki ya kushoto ilikuwa inashika kwa haki na ya kulia inashika nusu. Ndiyo maana gari lilikuwa linakwenda zake kushoto.

Na hapa sisi watu wa Pwani tuna shida yetu peke yetu. Vitabu vya magari vimeandikwa na watu wa baridi, nao hupima uhai wa pedi kwa kilomita. Gari la ami halitembei kilomita. Linakaa. Linakaa wiki mbili, wiki tatu, karibu na maji, upepo wa kusi ukililetea ukungu wa chumvi usiku kucha. Diski inavaa kutu nyekundu. Mvua ikinyesha, pedi inagandana na diski, na siku ukiondoka unasikia "tak!" ya kubanduka. Mpira mdogo unaozifunika pini unapasuka kwa jua, maji ya chumvi yanapata mlango. Gari la namna hiyo haliuawi na safari, linauawa na kukaa.

Nilimwambia ami hivyo, akanyamaza kidogo. Yeye ana mashua. Mashua hiyo huipandisha pwani wakati wa bamvua, maji yakitoka akaikwangua koa, akaangalia kalafati mbao kwa mbao, akaipaka deheni, hata kama haivuji tone. Hajawahi kungoja ivuje. Akasema, "Kumbe na gari lina bamvua yake." Nikamwambia naam, ami, mara mbili kwa mwaka, magurudumu yote manne chini, pini zitolewe, zisuguliwe, zipakwe grisi.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, na hili lilinikera zaidi ya kutu. Mercedes za umri ule zina kiwaya chembamba kilichozikwa ndani ya pedi za mbele. Pedi ikikaribia kwisha, ncha ya waya inagusa diski, na taa inawaka mbele ya dereva. Ni akili nyepesi na nzuri kabisa. Ami aliapa kwamba taa haijawahi kuwaka. Alikuwa mkweli. Waya ulikuwa umekatwa zamani, ukakunjwa, ukafungwa tepu nyeusi kwa unadhifu. Mtu fulani, gereji fulani, mwaka usiojulikana, aliuziwa pedi zisizo na mahali pa waya, au aliona uvivu wa kununua waya mpya, akaamua kuinyamazisha taa. Akafunga gurudumu, akapokea pesa, akashukuru. Msikilizaji, kama una gari la namna hii, siku utakapofungua magurudumu tazama waya huo kabla hujatazama kitu kingine.

Haya. Tukahitaji pedi. Fundi alikuwa na rai mbili. Ya kwanza, kuna mtu anayebandika nyama mpya juu ya mabamba ya zamani, kazi ya siku moja, bei ya chai. Ya pili, ana rafiki mwenye pedi "zinazoingia", yaani si za gari hili lakini ukizikata pembeni kwa msumeno zinakaa. Nilimshukuru kwa zote mbili.

Hapa ndipo wenye magari makubwa ya zamani tunapojidanganya, na mimi najihesabu humo. Mnunuzi wa kwanza wa gari lile aliweza kununua pedi bila kuuliza bei. Likifika kwa mwenye mkono wa tano, bei ya gari imeshuka hadi chini kabisa, na moyo wetu unaona ni haki spea nazo zishuke: gari la bei ya tuktuk, pedi za bei ya tuktuk. Lakini uzito haukushuka hata ratili. 230E bado ni kilo 1,400 hivi ikiwa tupu, kabla hujampakia ami, na mkewe, na gunia la nazi. Probox, yule punda wetu, yuko chini ya hapo kwa kilo 300 na ushei. Na mwendo ndio mwizi mkubwa zaidi, kwa sababu ukizidi mara mbili, kazi ya breki inazidi mara nne. Kusimama kutoka 80 kunaitaka pedi ile ile imeze joto mara nne ya kusimama kutoka 40. Waliolitengeneza gari lile walilipa injini ya kwenda mbio kwenye barabara zao, wakalipa na breki za kulirudisha. Ukilibakishia mbio ukalipunguzia breki, umelivunja nusu.

Historia yenyewe ya pedi imeanzia kwenye ukoo huo huo wa Benz. Agosti 1888, Bertha Benz, mkewe Karl Benz, aliamka alfajiri na wanawe wawili, akalitoa gari la mumewe bila kumuaga mume, akaenda kwa mamake. Kutoka Mannheim hadi Pforzheim, zaidi ya kilomita 100, wakati ambapo hakuna mtu duniani aliyekuwa amesafiri mbali hivyo kwa gari la mota. Mafuta alinunua kwa mwuza dawa njiani. Lakini breki za mbao zilimshinda kwenye miteremko, zikawa zinalika. Akasimama kwa fundi viatu, akamwomba apigilie ngozi juu ya zile mbao. Hiyo ngozi ndiyo nyanya wa pedi zote. Karibu miaka 10 baadaye, 1897, Mwingereza Herbert Frood naye akaanza kutengeneza nyama za breki za mikokoteni ya farasi, baada ya kuona wakulima wakipigilia viatu vikuukuu juu ya breki zao. Jina la kampuni yake, Ferodo, ni herufi za ukoo wake zilizochanganywa, ikaongezwa e, na mpaka leo utalikuta kwenye maboksi madukani Mombasa. Namheshimu sana Bi Bertha. Tatizo lilikuwa moja, akalijua, akalitibu kwa kitu kinachofaa, akaendelea na safari.

Basi nikavuka Likoni hadi madukani Mombasa, na pedi ya zamani ndani ya mfuko wa plastiki. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza: nenda na maiti ya ile iliyokufa. Kanuni ya pili, nenda na nambari ya chesi. Ya ami inaanza WDB124023, na hizo tarakimu tatu za mwisho ndizo zinazosema hii ni 230E na si ndugu zake. Hata hivyo haitoshi, maana Mercedes wa wakati ule alinunua kalipa kwa zaidi ya kampuni moja, na gari mbili za mwaka mmoja zinaweza kutaka pedi za maumbo mawili. Kwa hiyo maiti inarudi kuwa na kazi yake: ilaze juu ya mpya, tundu kwa tundu, pembe kwa pembe.

Muuzaji akauliza, "Wataka orijino, ama ya kawaida?" Nikamwambia naomba zote nizione. Akaleta maboksi matatu. Boksi usilisome sana, boksi ni karatasi, na karatasi huchapishwa popote. Igeuze pedi, soma mgongo wake. Ile iliyopimwa kwa sheria za Ulaya ina herufi E ndani ya mduara na nambari ya nchi ubavuni, 1 ni Ujerumani, 11 ni Uingereza, kisha 90R na tarakimu zake, zimepigwa juu ya chuma au zimechapwa wazi. Halafu tafuta herufi mbili zinazokaa pamoja mwishoni mwa msimbo, kama EE, FF au GG. Ya kwanza inasema inashika vipi ikiwa katika joto la kawaida, ya pili ikiwa moto sana. E ni dhaifu kuliko F, F ni dhaifu kuliko G. Ukikuta FE, maana yake inashika vizuri mpaka ipate moto, kisha inakuacha wakati unapoihitaji. Tazama pia mahali nyama inapokutana na bamba. Pasiwe na ufa, pasiwe na gundi iliyofurika, na pedi nne za boksi moja zifanane kama sahani za seti.

Boksi la kwanza halikuwa na alama yoyote ila picha ya gari la mashindano. La pili lilikuwa na alama zote, lakini pedi mbili kati ya nne zilikuwa na unene tofauti na wenziwe. La tatu lilikuwa na bei mara tatu ya la kwanza. Nikashika kichwa, nikalilipia, na waya wa taa nikaununua mbali.

Kuna ugomvi mmoja nilikuwa nao na ami, niutaje. Yeye anachukia ule unga mweusi unaotapakaa kwenye rimu. Rimu zake ni za fedha, na kijana wa Shimoni anayemwoshea gari hulipwa kwa rimu hasa. Mtu akamwambia kuna pedi za seramiki, hazitoi unga. Ni kweli, hutoa unga kidogo na hazipigi kelele. Lakini gari lile lilipangiwa pedi zenye chembe za chuma ndani yake, zinazoshika tangu mguso wa kwanza, asubuhi, diski ikiwa baridi na imelala na umande. Unga ule ndio malipo yake. Kuchagua breki kwa ajili ya rimu ni kuchagua mke kwa ajili ya picha ya harusi. Ami alisema mfano huo si wa redioni. Nimeutia hivyo hivyo.

Na kuhusu unga wenyewe, neno moja kwa vijana wa gereji. Msiupulize. Si kwa mdomo, si kwa upepo wa mashine. Pedi na viatu vya breki vya zamani vilikuwa na asibesto, na nyuzi zake zikiingia pafuni hazitoki, saratani yake huja baada ya miaka mingi wakati ushasahau gereji ile. Hujui gari kuukuu limewahi kufungwa nini. Mwagia maji kwanza, kisha futa kwa tambara.

Kurudi chini ya mwembe. Fundi, nimpe haki yake, alipoona pedi nzuri alibadilika mikono. Alitoa pini za kalipa, akazisugua kwa brashi ya waya na msasa mwembamba mpaka zikang'aa, akabadilisha mipira. Alitaka kuzipaka grisi ya njano ya beringi, tukasema hapana. Grisi hiyo huvimbisha mpira, na kwa moto wa breki inayeyuka. Iko ya silikoni, kichupa kidogo, dukani huuliza kama wewe ni mgonjwa wa kitu. Diski hazikuwa na la kufanya. Unene wa mwisho umepigwa mhuri kwenye diski yenyewe, ukingoni au karibu na katikati, na zile zilikuwa zimeshapita hapo. Alitaja kuzichonga mashineni. Ukichonga kitu ambacho tayari ni chembamba unapata kitu chembamba zaidi, kilicho laini kwa kupapasa. Tukanunua mbili, kulia na kushoto. Breki hainunuliwi upande mmoja.

Ya nyuma yalimalizwa upesi. Kule kalipa ni ya aina nyingine, haifunguliwi. Unagonga pini mbili ndogo kwa kichuma chembamba, pedi zinatoka juu kama mkate kwenye tosta. Zilikuwa nzima. Kilichokuwa hoi ni hendibreki. Katika gari lile hendibreki ina viatu vyake vidogo, vimejificha ndani ya kitovu cha diski ya nyuma, na kwa kuwa havionekani hakuna anayevikumbuka. Vya ami vilikuwa vimelika upande na chemchemi moja imekatika kwa kutu. Sasa jifikirie umepanga foleni Likoni, kwenye ule mteremko wa kuingilia feri, pua ya gari imeelekea majini, mbele yako mama wa watu na kapu la maembe.

Kosa lilitokea mwishoni kabisa, na ni kosa la dakika moja. Ukiweka pedi mpya nene, inabidi pistoni zisukumwe zirudi ndani. Mafuta ya breki yanapanda kwenye chupa yake, na usipoyapunguza yatafurika yababue rangi. Hilo fundi alilijua. Lakini pistoni zikishasukumwa nyuma, kanyagio la kwanza halikuti kitu. Linashuka mpaka sakafuni. Lazima ulipige mara kadhaa, gari limesimama, mpaka lipande na kuwa gumu. Saidia fundi, kijana mwepesi mwenye moyo wa kusaidia, aliona gurudumu la mwisho limefungwa, akaruka ndani, akawasha, akarudisha nyuma atupishie nafasi. Nilimwona akikanyaga. Nilimwona akikanyaga tena kwa miguu miwili. Benzi ya rangi ya samli ikaendelea kurudi kwa adabu zake zote, ikapita ndoo ya maji, ikapita benchi, ikasimamishwa na rundo la tairi mbovu, hatua nne kutoka kwenye meza ya mama wa mahamri. Mama hakusema kitu. Alifunika mahamri.

Ami naye hakusema kitu. Alikwenda akakaa kwenye kiti cha dereva na hakutoka tena mpaka tulipomaliza.

Tukamwaga mafuta ya breki yote. Yalikuwa na rangi ya kahawa tungu. Haya mafuta yana tabia ya kunywa maji kutoka hewani, na hewa ya kwetu ni maji nusu. DOT 4 mpya haichemki mpaka ifikie angalau nyuzi 230, lakini ikishakunywa maji inaruhusiwa kushuka hadi 155. Nyuzi 155 si nyingi kwa gari zito. Ukitoka mjini Kwale kushuka Kombani, kutoka juu kule kwenye upepo wa Shimba hadi kwenye joto la pwani, huku mguu umeganda juu ya breki njia nzima, utazifikia. Mafuta yakichemka yanatoa mapovu, na povu halisukumi pistoni. Kanyagio linakuwa kama sifongo. Ndiyo maana kwenye mteremko ule gia ya otomatiki inatolewa D ikawekwa 3, au 2, injini ibebe mzigo, na breki ipigwe kwa vipindi, ikamate, iachie, ipumue. Mafuta hayo tubadilishe kila miaka miwili, hata gari likae chini ya mkwaju. Nasema hasa likikaa chini ya mkwaju.

Jioni nilimsindikiza. Pedi mpya hazijuani na diski mpya, lazima zijuane, na barabara ya kutoka Kanana kwenda Shimoni inafaa kwa utambulisho huo: imetulia, tambarare, na magari ni machache jioni. Ukifika 60, unakanyaga kwa uimara hadi 20, husimami, unaachia, unaliacha gari litembee lipoe, kisha tena. Mara 10. Mara ya tatu tulisikia harufu ya kuungua, ami akanitazama, nikamwambia ndivyo inavyonuka. Mara ya saba harufu ikakata. Gari likasimama wima, halikutaka kushoto wala kulia.

Tulipofika chini ya mkwaju nilimwonyesha jambo moja la mwisho. Usiguse rimu. Pitisha mgongo wa mkono karibu nayo, gurudumu kwa gurudumu. Mbili za mbele zifanane joto, mbili za nyuma zifanane. Ikiwa moja ina moto wa peke yake, kalipa yake imeshika. Ikiwa moja ina baridi ya peke yake, haifanyi kazi. Akazunguka gari akifanya hivyo, kanzu ameishika kwa mkono mmoja, akiwa ameinama kama anayetazama kama wali umeiva bila kufunua chungu. Akaridhika. Hakufunga hendibreki. Pale Shimoni ni tambarare, akaweka kigingi cha mbao nyuma ya gurudumu, viatu visigandane na kitovu. Hilo sikumfundisha mimi, alilitoa kwake mwenyewe.

Kisha akateremka gatini, akapanda mashua ya mwisho, funguo za Benzi ameziachia mkononi mwangu kwa sababu ninapita Shimoni kila wiki.

Tangu siku hiyo, kila Alhamisi baada ya Isha, simu yangu inalia. Haniulizi hali ya watoto kwanza, ingawa anawapenda. Nasikia mawimbi nyuma yake na sauti ya jenereta ya jirani, kisha anasema, "Umelisogeza?"